Gari Halijaharibika, Limenuna

Mama mkwe wangu ndiye aliyeuliza swali nililokosa jibu lake. Tulikuwa tumeshavuka daraja la Kigongo–Busisi tunakwenda msibani Sengerema, tairi la nyuma kushoto limelala kama chapati. Nimefungua buti, nimeshusha sufuria za watu, mchele na ndoo, nimeinua zulia, nimeinua na ubao ulio chini ya zulia. Mahali pa tairi la akiba palikuwa na sponji jeusi lililochongwa vishimo viwili. Kimoja kina kipampu cha umeme, kingine kina chupa yenye maandishi ya Kijapani.

"Tairi liko wapi?"

"Halina, mama."

"Wameliiba?"

"Hapana. Lilitoka kiwandani hivyohivyo."

Akanitazama, akalitazama gari, akarudi kunitazama mimi. "Baiskeli ya baba mkwe wako nayo haikuwa na tairi la akiba. Lakini yenyewe haikuwahi kujiita gari." Akajifunga kanga upya, akaenda kukaa chini ya mti.

Gari hili ninalo tangu 2022. Ni la mwaka 2014, siti saba, injini ya 1.8, milango ya nyuma ya kuteleza inayofunguka kwa umeme. Lilishukia bandarini Dar es Salaam, likaendeshwa zaidi ya kilomita 1,100 hadi Buhongwa, Mwanza, likaingia uani kwetu majirani wote wakiwa nje. Kampuni iliyolitengeneza sitaitaja, kwanza kwa sababu sitaki ugomvi, pili kwa sababu jirani yangu ana la kampuni nyingine kabisa na tunalia kilio kimoja.

Nimekulia kwenye gari la aina nyingine. Marehemu baba alikuwa na Corolla ya 1989. Siku moja njia ya Magu jiwe lilitoboa tangi, petroli ikaanza kudondoka. Baba akatoa kipande cha sabuni ya mche, akakikanda mkononi kama anafinyanga, akaingia chini ya gari na kukibandika kwenye tundu. Tukafika, na sabuni ikakaa pale wiki nzima. Gari lile likiumwa lilisema linaumwa wapi: linagonga, linavuja, linanuka. Hili la kwangu linanuna tu. Linawasha taa ya rangi ya chungwa kwenye dashibodi, halafu kimya. Ukiuliza una nini, sina kitu. Wewe endelea kuhangaika.

Basi pale barabarani nikaitoa ile chupa. Ni dawa ya kuziba tundu: unaisukuma kwa kipampu iingie ndani ya tairi, ikaganda penye tundu. Kijapani sijui, lakini namba 2018 niliisoma vizuri, nikaelewa kwamba dawa ilikwisha muda miaka minne kabla gari halijawa langu. Nikaitikisa, haikutikisika. Humo ndani ilikuwa ugali.

Kilichotuokoa ni kipampu chenyewe, kinachochomekwa kwenye tundu la kuwashia sigara. Msumari niliuona kwa macho, kichwa chake kikimetameta katikati ya tairi, na nikajizuia kuuchomoa, maana msumari ukibaki mahali pake upepo unatoka polepole. Nikajaza mpaka mshale ukasoma 2.4, tukaenda, nikaona usukani unavuta kushoto, nikasimama, nikajaza tena. Mama mkwe alihesabu: tulisimama mara nne. Fundi tairi wa Sengerema alimaliza kazi kwa dakika ishirini, na cha kwanza alichouliza ni hichohicho, spea tairi iko wapi, madamu.

Sasa nimenunua tairi na rimu ya mtumba. Haliingii kwenye kile kishimo cha sponji, kwa hiyo linalala nyuma ya siti za mwisho, limefungwa kamba. Tukikaa watu saba hakuna pa kuweka hata mkoba. Wakati wa kununua niliambiwa ni gari la familia kubwa. Nadhani walimaanisha familia kubwa isiyobeba kitu.

Mambo madogo nayapitia haraka. Kila ukiwasha, sauti ya dada mmoja wa Kijapani inakwambia neno kwa upole. Wanangu wanaiigiza vizuri kuliko wimbo wa shule. Mwaka wa kwanza nilidhani anatusalimia. Siku moja nikaitegeshea simu itafsiri: alikuwa analalamika kwamba kadi ya kulipia barabara haijawekwa. Kwao kuna barabara za kulipia, gari linasoma kadi lenyewe likipita. Hapa kwetu hajui kwamba amehama, anaidai kadi kila asubuhi, na kifaa chenyewe kimefichwa mahali ambapo hakuna aliyekubali kubomoa ili akitoe. Redio nayo ilitengenezwa kwa masafa ya kwao, inaanzia 76 inaishia 90, wakati stesheni nyingi za huku ziko juu ya hapo. Kuna kidude cha kuongeza masafa, nimekifunga, sauti inakuja kama mtu anaongea ndani ya pipa. Na kiyoyozi kilipopungua nguvu niliambiwa gesi imekwisha; jirani akamulika tochi mbele ya rejeta, tukakuta mapezi yamezibwa na wale wadudu wadogo wa ziwani wanaopanda angani kama moshi. Maji ya bomba na brashi laini, ubaridi ukarudi.

Ila hili la kujizima lilinitia aibu. Wiki ya kwanza, foleni ya Mkuyuni, saa moja na nusu asubuhi, nimekanyaga breki, mara injini kimya. Mshale umeshuka hadi sifuri. Nyuma bodaboda wanapiga honi, mwalimu mwenzangu niliyempa lifti anasema "limezima, limezima," mimi nabonyeza kila kitu kinachobonyezeka. Kumbe limejizima lenyewe kuokoa mafuta, na ukiachia breki tu linawaka. Hakuna aliyenidokeza.

Mchezo huu unataka betri yake. Iliyokuwemo ilikuwa imeandikwa Q-85, betri iliyojengwa kwa kazi ya kuwasha injini mara nyingi kwa siku. Ilipochoka nilinunua ya kawaida, nafuu, muuzaji akaniapia kwamba volti ni 12 zilezile. Volti ni zilezile kweli. Ilidumu miezi saba. Kipo kitufe cha kulikataza lisijizime, chenye herufi A ndani ya mshale wa mduara, lakini halikumbuki. Kila asubuhi nalikataza upya, kama ninavyowakumbusha kidato cha kwanza kuchomekea shati.

Sasa nifike kwenye kisa chenyewe.

Mwaka jana kabla ya Pasaka nilipeleka gari kuoshwa. Vijana wakamaliza, linang'aa, mmoja akasema, "Madamu, tukupigie na injini? Elfu tano tu." Nikakubali. Akafungua boneti, akaelekeza ule mpira wa maji wa presha humo ndani bila huruma. Injini ikatoka safi ungeweza kuandalia chai juu yake.

Siku tatu baadaye nikaanza kuhisi linatetemeka likiwa limesimama, kama mashine ya kusaga inayokaribia kuishiwa mahindi. Ikafuata taa ya injini, inawaka na kuzima, inawaka na kuzima. Jumamosi nikawa napanda kwa dada yangu Isamilo. Wanaojua Mwanza wanajua milima yetu, nyumba ziko juu ya mawe na barabara zinapanda kama ngazi. Gari likakosa nguvu katikati ya mlima. Nakanyaga, linaunguruma, haliendi. Bodaboda yenye abiria wawili na mkungu wa ndizi ilinipita.

Fundi wa kwanza alikuwa mtu mzima, mikono imejaa historia. Akasikiliza kwa kuinamisha kichwa, akafunga boneti, akasema: "Gia boksi hiyo." Ya mtumba, kuagizwa Dar, milioni moja na laki nane. Au kwanza tujaribu kumwaga oili ya gia boksi na kuweka mpya. Galoni lilikuwa mkononi mwake tayari, oili nyekundu. Nikamuuliza kama ndiyo ya aina hii ya gia boksi.

"Oili ni oili tu, madamu."

Mimi nafundisha fizikia. Kuna sentensi zikisemwa mbele yangu siwezi kuendelea kukaa. Gia boksi ya gari hili haina meno ya gia kama ya Corolla ya baba. Ina mkanda wa chuma unaozungushwa na puli mbili zinazopanuka na kubana, na nguvu yote inapita kwa msuguano kati ya mkanda na puli. Oili yake imetengenezwa ili vyuma vile vishikane huku vikilainishwa. Ukimwaga ile nyekundu ya gia boksi za zamani, mkanda unateleza, unajikwaruza, na hapo ndipo utakapoitafuta hiyo milioni na laki nane kwa haki. Nikamshukuru, nikalipa elfu kumi ya kuangalia, nikaondoka na mtetemo wangu.

Simwiti tapeli. Alijifunza kazi kwenye magari yanayosema, akayategemea masikio, na masikio yake ni mazuri, maana mtetemo aliusikia sawasawa. Huyu mnunaji ndiye asiyemjua.

Fundi wa pili yuko Nyakato. Kijana, kofia kaigeuza nyuma, hata boneti hakugusa. Akaingia upande wa dereva, akapapasa chini ya usukani mpaka akapata tundu lenye njia 16, akachomeka kidude kidogo kuliko kiberiti, akatoa simu yake.

"P0302," akasema.

"Maana yake?"

"Mia tatu na kitu ni kumisi. Hiyo mbili ya mwisho ni silinda. Silinda ya pili inamisi, madamu. Haichomi."

"Kwa hiyo koili?"

"Inaweza kuwa koili, inaweza kuwa plagi, inaweza kuwa noozeli, ile ya kunyunyizia petroli. Tusinunue kitu kwanza."

Akafungua. Koili, zile zinazoipa plagi umeme wa cheche, ziko nne, kila silinda na yake, zimekaa juu ya plagi kama vifuniko virefu. Akachomoa ya silinda ya pili akaiweka ya tatu, ya tatu akaihamishia ya pili. Akafuta ile namba kwenye simu, akaniambia washa. Tukakaa tunalisikiliza likitetemeka, mimi nimeshika usukani kama nasubiri namba ya mtihani. Dakika tatu hivi. Taa ikawaka.

"P0303," akasema, na safari hii alitabasamu.

Ubovu umehama na koili! Miaka yote nawaimbia wanafunzi: badilisha kitu kimoja, vingine viache vilivyo, uone kinachotokea. Nusu ya darasa hulala. Kijana wa Nyakato alinifanyia somo zima na spana ya namba kumi.

Akanionyesha koili yenyewe. Chini kwenye mpira kulikuwa na kutu na alama nyeupe, kama chumvi inayobaki ndoo ya maji ikikauka. Akachungulia kwenye kisima cha plagi. "Hili liliogeshwa?" Nikasema liliogeshwa. Hakusema zaidi, alitikisa kichwa tu, na nilistahili. Koili ya mtumba elfu arobaini na tano, ufundi elfu kumi na tano. Elfu sitini badala ya milioni moja na laki nane. Hesabu hiyo nilimpigia mume wangu simu nikiwa bado nimesimama gereji.

Kilichobaki ni wasiwasi. Taa ile ya injini ikiwaka moja kwa moja una muda wa kutafuta fundi. Ikipepesa, ni amri ya kupunguza mwendo na kusimama, kwa sababu petroli isiyochomwa kwenye silinda inakwenda kuungulia kwenye ekzosti, ndani ya yale masega ya kusafisha moshi, na masega yakiyeyuka koili inaonekana peremende. Mimi nililiendesha siku tisa likinipepesea. Namba ya masega ni P0420. Bado haijajitokeza.

Nikanunua kidude changu mwenyewe, elfu ishirini na tano, kinaongea na simu kwa Bluetooth. Jumapili baada ya ibada uani kwangu huwa kuna magari mawili matatu. Nimejifunza pia mipaka yake. Jirani yangu wa kampuni ile nyingine alisomewa P0171, yaani hewa nyingi petroli kidogo, akabadilisha sensa ya ekzosti, taa ikarudi, akabadilisha tena, ikarudi. Mwisho wakakuta mpira wa kuingizia hewa una ufa nyuma, mahali ambapo mkono unafika na jicho halifiki. Namba inamtaja aliyelia. Aliyempiga unamtafuta mwenyewe.

Funguo nayo. Haina chuma cha kuchomeka, ni kidude cha mfukoni, gari linakihisi ukikaribia na mlango unafunguka. Raha tupu, mpaka siku ya Mwaloni pale Kirumba, saa nne asubuhi, nina ndoo ya sato na gunia la dagaa, jua limeanza kuuma, na gari linaniangalia kama halijawahi kuniona. Betri ya funguo imekufa. Nikampigia baba watoto, yuko Geita kazini, akanicheka kwanza ndipo akanielekeza: kwenye ubavu wa kidude kuna kifungio kidogo, kivute, ndani kuna ufunguo mdogo wa chuma. Miaka miwili nimetembea nao mfukoni bila kujua. Mlango ukafunguka, king'ora kikaanza kulia, soko zima la samaki likageuka. Kuwasha unakigusisha kile kidude kwenye kitufe chenyewe, kisha unabonyeza. Betri yake ni ile bapa kama sarafu, CR2032, elfu mbili kwa muuza saa. Sasa ninayo ya akiba kwenye pochi, karibu na shilingi mia za vitunguu.

Na ni gunia lilelile la dagaa, au ndugu zake, lililoleta kisa cha mlango.

Mlango wa kushoto ulianza kwa kugoma nusu. Unabonyeza, unateleza hadi katikati, unapiga kelele tatu, unarudi ulikotoka. Mtoto wangu wa mwisho akawa anapita katikati upande upande na begi lake, halafu ikawa haufunguki kabisa, wote wanaingia kwa mlango mmoja wakisukumana. Fundi umeme mmoja akasema mota imechoka, ya mtumba laki tatu na nusu, kazi peke yake laki moja maana anabomoa ubavu wote. Nikasoma kwa kidude changu, hakuna namba hata moja. Gari halina kosa, linasema. Limenuna tu.

Nikafikiri kama mwalimu. Mlango huu una akili ya kurudi ukibana kitu, mkono wa mtoto kwa mfano. Haujui mkono ni nini. Unachojua ni kwamba mota imepata ukinzani kuliko kawaida. Kwa hiyo labda hauna ugonjwa, labda unadhani unambana mtu.

Jumamosi iliyopita nikapiga magoti na tochi. Reli ya chini imejificha ndani, chini ya kikanyagio, huioni ukiwa umesimama. Ilikuwa imejaa. Mchanga wa Mwaloni, magamba ya sato yaliyokauka, ganda la pipi, na dagaa waliobanwa kwenye kona ambako gurudumu dogo la mlango linageukia, wamesagika na mchanga wakawa kama saruji. Binti yangu mkubwa akaleta mswaki wa zamani na kijiti cha mshikaki. Tulikwangua saa nzima. Yule wa mwisho akajipa kazi ya kuhesabu dagaa wanaotoka wazima wazima, akawa anawapanga kwenye ukingo wa baraza kwa urefu. Walifika kumi na saba. Nikapangusa reli kwa kitambaa kikavu, nikabonyeza kitufe.

Ukafunguka wote, pole pole, bila kelele, hadi mwisho. Nikabonyeza tena, ukafunga. Watoto wakapiga makofi. Tulipogeukia barazani, dagaa walikuwa wamebaki tisa, na paka wa jirani anafuta masharubu.